Chaguo Lililokufa Likabaki Kitabuni: Kisa cha Kirekodi cha Mto Nyando

Fundi wetu kijana alinipigia simu saa mbili usiku, nikiwa bado ndani ya matatu kutoka Ahero kurudi Kisumu. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Madam, flashi haionekani. Nimebadilisha chipu mara mbili na bado haionekani." Nilimwambia azime mashine ya hewa moto, afunge karakana, aende akale. Chipu ile ya flashi, inayohifadhi data hata umeme ukikatika, ina miguu minane na haizidi punje ya mahindi kwa ukubwa. Ukiipasha moto na kuing'oa mara mbili, njia za shaba zilizo chini yake huanza kubanduka. Mara ya tatu unaweza kuipoteza bodi nzima.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa halikuwa kwenye lehemu, wala kwenye chipu, wala kwa kijana. Lilikuwa kwenye sura ya flashi ya mwongozo wetu wenyewe, na sura hiyo ni jukumu langu.

Tunatunza virekodi vya kina cha maji kando ya Mto Nyando. Mtu wa tambarare za Kano hahitaji kuelezwa umuhimu wake: mvua ikinyesha kwa nguvu kule juu, Nandi na Kericho, maji hushuka na kuwafikia walio chini ambako pengine siku nzima halijadondoka hata tone. Kila kirekodi ni bodi ndogo inayoendeshwa na Linux, yenye paneli ya sola, betri, kihisi cha kina, na chipu ya flashi aina ya W25Q128, megabaiti 16. Vipimo huandikwa humo kila baada ya dakika kumi. Mtandao wa simu ukikatika, na hukatika hasa siku za mvua kubwa tunapouhitaji zaidi, vipimo vyote hungoja ndani ya chipu hiyo. Kirekodi kisichoiona flashi yake hakina kumbukumbu yoyote ya usiku uliopita.

Ilikuwa Februari. Masika huanza Machi. Kijana alikuwa amepewa kazi ya kuandaa bodi mpya kwa kerneli 6.1 (kerneli ni kiini cha Linux), na kwa mara ya kwanza tulimwambia mtu aanze upya kabisa, afuate mwongozo ukurasa kwa ukurasa.

Asubuhi nilikaa naye mbele ya terminali. Akaandika:

cat /proc/mtd

Ukarudi mstari mmoja tu:

dev: size erasesize name

Hicho ni kichwa cha jedwali, na chini yake hapakuwa na kitu. Maana yake mfumo wa MTD, yaani sehemu ya kerneli inayoshughulikia flashi, ulikuwepo na ulikuwa tayari, ila hakuna kiendeshi (programu ya kuendesha kifaa) kilichowahi kuja kumwambia "nina chipu hapa." Tukapitia ujumbe wa kuwaka kwa bodi. Kwa kawaida hapo huwa pana mstari unaotaja w25q128 na ukubwa wake, Kbytes 16384. Tulitafuta mara tatu, haukuwepo. Wala hapakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililonishtua. Chipu mbovu hulalamikiwa. Kiendeshi kikiuliza kitambulisho kikapata takataka, husema kwamba kitambulisho hakijulikani. Hapa palikuwa kimya kabisa, kana kwamba hakuna aliyeuliza.

Tukachukua moja ya chipu alizong'oa, tukaiweka kwenye kisomaji cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye kompyuta. Amri ya kuuliza kitambulisho ni 9F, na chipu ikajibu EF 40 18. EF ni Winbond, 18 inaonyesha ukubwa. Chipu ilikuwa nzima. Kijana alitazama majibu yale, kisha akaiangalia bodi aliyoiunguza pembeni kwa siku mbili, akanyamaza.

"Hukukosea," nilimwambia. "Nionyeshe ulichoandika kwenye mipangilio."

Akanifungulia mwongozo upande wa kushoto na faili yake upande wa kulia. Alikuwa amenakili kila kitu sawasawa, herufi kwa herufi. Kitabu kilisema: ili kuwasha kiendeshi cha flashi ya SPI (njia ya nyaya chache ya kuunganisha chipu), ongeza CONFIG_MTD_M25P80=y. Aliongeza. Kisha akaendesha make olddefconfig, amri ya kukamilisha mipangilio ya kerneli, kama alivyoelekezwa. Nikamwambia atafute jina hilo sasa kwenye .config, faili ya mipangilio iliyotoka.

Halikuwepo.

Hivi ndivyo Kconfig, mfumo wa mipangilio wa kerneli, inavyofanya kazi, na nimeona wahandisi wa miaka mingi wasiolijua jambo hili. Ikisoma .config na kukuta jina isilolifahamu, hailalamiki. Hulipita, kisha huandika faili upya bila jina hilo. Ukiandika CONFIG_SAMAKI_WA_LWANGʼNI=y itakubali kwa upole uleule na kuliacha njiani. Kerneli mpya kuliko 6.1 zina njia ya kuomba onyo la majina yasiyojulikana, kwa kuweka kigezo KCONFIG_WARN_UNKNOWN_SYMBOLS, lakini yetu haikuwa nayo, na hata ungekuwa nayo lazima uombe mwenyewe.

Historia ya jina lile

M25P80 ni chipu halisi, ya STMicroelectronics, megabaiti moja tu. Kiendeshi kilichoandikwa kwa ajili yake kilikuja kuhudumia mamia ya chipu za kampuni nyingine lakini kikabaki na jina la mzaliwa wa kwanza. Mwongozo wetu uliandikwa wakati wa kerneli 3.10, ya mwaka 2013. Wakati huo maelekezo yake yalikuwa sahihi kabisa: mstari ule mmoja ulitosha.

Mwaka 2014, katika toleo 3.16, maarifa ya chipu za SPI NOR, aina ya flashi kama yetu, yalihamishiwa kwenye mfumo mpya wenye chaguo lake, MTD_SPI_NOR. M25P80 ikabaki kama daraja, na sasa ikahitaji SPI_NOR iwe imewashwa. Mwaka 2019, katika toleo 5.4, hata daraja likavunjwa: msimbo wake ukaingizwa ndani ya spi-nor, na chaguo MTD_M25P80 likafutwa. Kuanzia hapo unaandika CONFIG_MTD_SPI_NOR=y na kazi imekwisha. Sisi si peke yetu tuliochelewa. Hata ndani ya kerneli yenyewe, faili za mipangilio ya bodi mbalimbali zilibaki na jina la zamani hadi zilipotumiwa viraka vya kuzisafisha.

Sasa swali ambalo mkubwa wetu aliuliza, na lilikuwa swali zuri: kama mwongozo ni mbovu tangu 2014, mbona virekodi vyote vya Nyando vinafanya kazi?

Kwa sababu hakuna aliyekuwa akiusoma. Sisi wazoefu tulikuwa tukibeba .config ya bodi ya zamani kwenda bodi mpya. Wakati wa 4.19 mmoja wetu aliwasha SPI_NOR kwa mkono, akaihifadhi, na tangu hapo chaguo hilo likasafiri pamoja nasi kwa kunakiliwa. M25P80 ilipofutwa hatukuhisi kitu, maana mwenzake alikuwa tayari amewashwa. Maarifa yalikuwa ndani ya faili iliyokuwa ikipita mkono kwa mkono, na kitabu kikawa cha wageni. Mgeni wa kwanza kukifuata kwa uaminifu ndiye aliyeumia. Hilo liliniuma mimi pia, kwa sababu alikifuata kama tulivyomfundisha.

Kusafisha sura

Kubadilisha mstari mmoja kungechukua dakika. Nilikataa kuishia hapo. Sura ya flashi ilikuwa na machaguo 14, na kama moja lilikuwa limekufa bila sisi kujua, sikuwa na sababu ya kuamini mengine. Nikakaa na kijana siku mbili, tukilichukua kila jina na kuliuliza maswali mawili: upo kwenye msimbo wa 6.1? Kama haupo, ulikufaje?

Swali la pili ndilo wengi hulisahau, na kwangu ndilo kiini cha kisa hiki. Machaguo hayafi kwa namna moja, na namna lilivyokufa ndiyo inayokuambia uandike nini mahali pake.

Tuchukue MTD_PARTITIONS. Zamani uliiwasha ili flashi iweze kugawanywa katika sehemu. Mwaka 2011 iliondolewa kwa sababu ugawaji ulifanywa kuwa sehemu ya kudumu ya MTD. Uwezo uko palepale, umekoma tu kuwa hiari. MTD_CHAR nayo iliondoka vivyo hivyo. Majina ya aina hii unayafuta bila maelezo; msomaji hapotezi kitu. M25P80 ni aina nyingine: kazi ipo, ila imehamia jina jipya na lazima uiwashe. Hapo ukifuta mstari bila kuweka wa badala umemwacha msomaji pabaya kuliko ulivyomkuta.

Lakini lililoninyima usingizi ni MTD_NAND_VERIFY_WRITE. Virekodi vyetu vya kwanza vilitumia NAND, aina nyingine ya flashi, na mwongozo ulisema: kwa usalama wa vipimo, washa chaguo hili, kila kilichoandikwa kitasomwa tena na kulinganishwa. Chaguo hilo liliondolewa kwenye kerneli mwaka 2012. Sababu iliyotolewa ni kwamba UBI na JFFS2 (programu za kusimamia data kwenye flashi) zina uwezo wa kuhakiki zenyewe kile zilichoandika, na pia kuna majaribio ya MTD yanayofanya kazi hiyo. Hesabu miaka: kitabu chetu ni cha 2013. Mstari ule ulikuwa umekufa kabla kitabu hakijazaliwa. Aliyeuandika aliunakili kutoka maelekezo ya zamani zaidi, na kwa miaka yote tuliyokuwa na NAND, tulidhani kuna uhakiki katika ngazi ya kiendeshi wakati haukuwepo. Sina ushahidi kwamba tulipoteza kipimo hata kimoja kwa sababu hiyo. Ila mtu aliyeahidiwa uhakiki hajengi uhakiki wa pili, na sisi hatukujenga.

Mstari wa namna hii huwezi kuufuta kimya. Aliyeuamini anastahili kuambiwa. Tuliufuta, na mahali pake tukaandika aya moja: uhakiki wa kiendeshi haupo tangu 2012, tegemea mfumo wa faili uliopo juu ya UBI, na programu ya vipimo iweke jumla ya ukaguzi (namba ya kugundua data iliyoharibika) kwenye kila rekodi. Tukarekebisha na programu yenyewe, maana aya ile isingekuwa na maana bila hiyo.

Kulikuwa pia na chaguo lililo hai lenye maelezo mabaya. MTD_SPI_NOR_USE_4K_SECTORS huruhusu kufuta flashi kwa vipande vidogo vya baiti 4,096 badala ya kilobaiti 64. Kitabu kilisema "washa kila mara, ni haraka zaidi." Ni haraka ukibadilisha kipande kidogo. Ukifuta eneo kubwa, kilobaiti 64 kwa mpigo mmoja ni haraka kuliko vipande 16 vya kilobaiti 4. Zaidi ya hayo UBIFS, mfumo wa faili tunaoutumia, unahitaji kipande cha kilobaiti 15 au zaidi, kwa hiyo hukataa kabisa flashi iliyokatwa vipande vya 4. Kijana angelipita kikwazo cha kwanza akagonga hiki. Na Kconfig huliwasha lenyewe usipolizima, hivyo hapa maelekezo sahihi ni kulizima waziwazi. Tukaandika hivyo, pamoja na namna ya kuthibitisha kwa macho: kwenye /proc/mtd, safu ya erasesize isome 00010000, isiwe 00001000. Sifuri moja tu ya tofauti, na jicho lililochoka huipita, kwa hiyo tumeichapa kwa herufi nzito.

Nusura nifute lililo hai

Jioni ya siku ya pili nilikuwa na kasi. Kwa programu ya kuwasha bodi, U-Boot, kitabu kilitaja CONFIG_SPL_SPI_FLASH_TINY. Nikatafuta jina hilo zima kwenye msimbo wa kiendeshi. Hakuna. Nikalitia kwenye orodha ya kufutwa.

Kijana hakusema kitu hadharani. Asubuhi aliniletea laptop yake mezani kwangu. "Madam, samahani, nimelizima hili nikajaribu kujenga. Imekataa." Kiunganishi kilisimama kikilalamika kwamba programu ya hatua ya kwanza haienei kwenye eneo lake la kumbukumbu. SPL, hatua hiyo ya kwanza, lazima ikae kwenye kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu kuu kabla RAM haijaamshwa. Chaguo TINY huipa kiendeshi chembamba kinachojua kusoma flashi tu, bila kuandika wala kufuta. Ukilizima, kiendeshi kizima kinaingia, na nafasi haitoshi.

Basi kwa nini sikuliona? Kwa sababu Makefile ya U-Boot, faili ya maelekezo ya kujenga, hailiandiki kwa jina zima. Sehemu ya SPL_ iko ndani ya kigezo kinachojazwa wakati wa kujenga, kwa hiyo neno limekatwa katikati. Vilevile ndani ya msimbo wa C, U-Boot hutumia CONFIG_IS_ENABLED() na ndani ya mabano unaandika jina bila CONFIG_ na bila SPL_. Na faili za Kconfig zenyewe hutangaza majina bila CONFIG_. Kwa hiyo tangu siku ile tunatafuta kiini cha jina peke yake, SPI_FLASH_TINY, kwenye hazina nzima ya msimbo, Makefile na Kconfig zikiwemo. Na tukitaka kujua jina lilikufa lini, tunaiuliza historia ya mabadiliko ya msimbo:

git log -S'config MTD_M25P80' -- drivers/mtd/devices/Kconfig

Amri hiyo inakupa badiliko lililolitoa, na maelezo ya aliyelitoa mara nyingi yanakuambia uende wapi. Ni dakika tano kwa kila jina. Nashukuru sana kwamba kijana yule, ambaye wiki hiyohiyo kitabu kilikuwa kimempotosha, hakunyamaza aliponiona mimi nikipotoka.

Vya zamani vilivyoko mtoni

Mkubwa wetu hakutaka mistari ya zamani ifutwe. Hoja yake ilikuwa nzito: baadhi ya virekodi upande wa Ahero bado vina kerneli 4.19, na fundi akienda kuvitengeneza atahitaji maelekezo ya 4.19. Alipendekeza tuongeze tanbihi kila mahali: "kwa matoleo ya zamani, fanya hivi." Nilipinga. Sura ingejaa matawi, na fundi aliyesimama kwenye tope akiwa na simu mkononi hawezi kupambanua matawi. Tulikubaliana kitu kingine. Mwongozo sasa unakaa kwenye hazina moja na mipangilio ya kerneli, ukiwekewa alama ya toleo lilelile. Anayeshughulikia kirekodi cha 4.19 anafungua mwongozo wa 4.19, ambao una M25P80 na SPI_NOR yote mawili na ni sahihi kwa kerneli hiyo. Jalada linataja toleo kwa tarakimu kubwa, na amri ya kwanza katika ukurasa wa kwanza ni uname -r, inayoonyesha toleo la kerneli.

Tulifanya pia jambo moja ambalo lingetuokoa tangu mwanzo. Machaguo yote ya sura hayaandikwi tena ndani ya aya. Yako kwenye faili fupi ya mipangilio, na kitabu kinaichapa faili hiyo kama ilivyo. Kila tunapojenga, faili inapitishwa kwa merge_config.sh, hati inayokuja na kerneli yenyewe. Tofauti na olddefconfig, hiyo husema: thamani uliyoomba kwa jina fulani haipo kwenye .config ya mwisho. Tumeifanya sentensi hiyo isimamishe ujenzi. Tuliijaribu kwa makusudi kwa kurudisha mstari wa M25P80, na ujenzi ukasimama papo hapo ukiutaja kwa jina.

Kilichobaki ni karatasi. Mafundi wetu hubeba kurasa zilizochapwa ndani ya mifuko ya plastiki, na PDF ya zamani imezunguka kwenye kundi letu la WhatsApp kwa miaka. Kufuta kwenye hazina hakugusi nakala hizo. Nilizunguka mwenyewe, Kondele, Ahero hadi Awasi, nikikusanya kurasa na kugawa mpya. Nakala moja ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa sanduku la kirekodi, karibu na betri, wino umefifia kwa joto lakini CONFIG_MTD_M25P80 bado ikisomeka vizuri. Niliibandua kwa kisu.

Kijana alijenga bodi upya kutoka sura mpya peke yake, mimi nikiwa nimekaa chumba kingine kwa makusudi. Alipomaliza aliniita. Chini ya kichwa cha jedwali palikuwa na mstari:

mtd0: 01000000 00010000 "vipimo"

Kirekodi kilipandishwa kwenye nguzo yake Nyando juma la pili la Machi. Nakala mbili za karatasi ya zamani sijazipata hadi leo. Nadhani ziko kwenye mkoba wa fundi aliyehamia Kakamega, na nimeshamwomba aniletee akija Pasaka.